Mama avae uso upi?

Mhariri,

Juzi nilimsindikiza mama kupiga picha ya pasipoti. Meno yake ya mbele yamejitokeza, na midomo ikitulia haikutani. Picha ya kwanza, ambayo hata mtoto angemtambua, ilirudishwa dirishani: meno yanaonekana. Tukarudi kwa mpiga picha. "Mama, funga mdomo." Akaufunga kwa nguvu. Kidevu kikajikunja, pua ikavutika chini, macho yakamtoka kama aliyekabwa koo. Hiyo ndiyo iliyopokelewa.

Kanuni yenyewe sina ugomvi nayo. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika waraka wake namba 9303 kuhusu hati za kusafiria, linataka uso uliotulia, macho wazi na mdomo uliofungwa. Mashine hulinganisha picha na mwenye nayo kwa kuangalia macho, pua na mdomo vilivyokaa. Ukicheka, mashavu hupanda, macho husinyaa, mdomo hutanuka. Basi tusicheke, ingawa hakuna anayebanwa na kicheko kama aliyeambiwa asicheke.

Ninachouliza ni hiki: uso wa mama umetulia lini, alipouacha au alipoukaza? Na aliyepooza upande mmoja wa uso je? Wapo pia waliozaliwa pembe za midomo zimepanda. Wanaambiwa "acha kutabasamu" na hawajui waache nini. Kulegeza si jambo geni. Uingereza haiwadai watoto wa chini ya miaka 6 uso mtulivu, na wa chini ya mwaka 1 hata macho anaweza kuyafumba.

Isitoshe, si mashine peke yake inayokagua. Askari wa mpakani naye hutazama. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha York walichapisha matokeo kwamba watu hulinganisha vizuri zaidi picha za wasiowafahamu zikiwa za tabasamu, kwa kuwa kila mtu ana tabasamu lake.

Siombi turuhusiwe kuchekelea kamera. Naomba karani, kabla ya kuirudisha picha, ainue macho amtazame mwenyewe aliyesimama mbele yake. Kama ndivyo alivyo, aandike hivyo na aipokee.

Safari ya mama ni mwezi ujao. Ameshaniuliza mara mbili: akifika kwa wakaguzi, afunge mdomo vile tena, au asimame tu kama alivyo?

Msomaji wenu