Beka, wewe mtu wa Korogwe unahangaika na Wikipedia?

Oya Beka, niaje mwanangu,

Meseji yako niliiona juzi nikiwa kwenye daladala ya Mwenge nimebanwa mlangoni, nikashindwa kujibu. Eti supavaiza kakurudishia proposo, vyanzo vyote Wikipedia? Pole ila nimecheka, maana mwaka jana yalinikuta mimi, peni nyekundu ilipita mpaka kwenye jina langu.

Sasa sikia. Unaandika kuhusu sinema za enzi za mkoloni halafu kwenu Korogwe, hivi unajua filamu zilikuwa zinatengenezwa hapohapo Vugiri? Si utani. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa Waingereza, Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake Vugiri, wakapiga filamu kama 35 hivi za kilimo, afya na mambo kama hayo, wakawa wanazunguka nazo na lori vijijini. Nyingi zimepotea, ila ingia saiti ya Colonial Film, tafuta Tanganyika, utaikuta ile ya mashamba ya Kingolwira ya 1936, Kingolwira hiihii ya Morogoro unayoipita na basi kila siku! Humo kuna orodha ya filamu zaidi ya 6,000, nyingine unaziangalia palepale, nyingine maelezo tu, na hayo maelezo usiyadharau kaka, baadhi yana uchambuzi mrefu wa wasomi na vyanzo vyake, we vifuate hivyo vyanzo kimoja kimoja. Mimi nilikesha humo mpaka bando la usiku likakata.

Magazeti ya zamani ya Hollywood yako kwenye saiti ya Lantern, bure kabisa, unaandika neno inakuletea ukurasa wenyewe uliopigwa skani na matangazo yake ya sabuni na sigara. Andika Africa uone walivyokuwa wanatuuza, utakasirika. JSTOR, ile maktaba ya mtandaoni ya makala za wasomi, fungua akaunti na imeili yako, unasoma makala 100 kwa mwezi bila kulipa, kusoma mtandaoni tu lakini, kudaunlodi hapana. IMDb, ile saiti ya taarifa za filamu, ni ya kuangalia nani alishika kamera basi, watu wanaijaza wenyewe, na Bongo Muvi humo zimeandikwa nusunusu.

Na linki ikifa usilie. Mimi kuna makala nilikuwa naitegemea, saiti ikafungwa wiki moja kabla ya kukabidhi kazi, mwili wote ukanyong'onyea. Nikachukua ile adresi nikaibandika Wayback Machine, saiti inayotunza nakala za kurasa za zamani za mtandao, hiyo hapo, na picha zake. Ila uwe na adresi kamili, ndo maana siku hizi kila nikisoma kitu natupia kwenye Zotero, programu ya kutunzia vyanzo, na marejeo inapanga yenyewe.

Jumamosi nipo Sinza, njoo na fleshi, nina PDF kibao. Na ukienda kwenu muulize bibi kama wazee waliwahi kumsimulia lile lori la sinema, umrekodi kabisa na simu, maana hiyo huikuti kwenye saiti yoyote.

Wako,
Juma