Barua kwa binti yangu: jicho likae wapi

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo sote, Alhamdulillahi. Mama yako anakusalimu, na bibi yako anakusalimu na kuuliza kama unakula. Ndizi na ng'onda tumekupakilia kwenye boti ya Mkoani, naamini vimeshakufika.

Ile video ya mazoezi yako ya karate uliyotutumia nimeitazama mara nyingi kuliko nilivyokwambia kwenye simu. Mama yako alikuwa akiangalia usije ukaumia. Mimi nilikuwa nikiyaangalia macho yako. Kila yule mwenzako aliponyanyua goti, macho yako yalishuka na mguu wake. Akiuweka mguu chini, yalipanda mpaka kwenye ngumi. Ngumi ikicheza, yaliifuata kama paka anayefuata uzi. Mara mbili alikupata, na mara zote mbili pigo lilipita upande ule macho yako yalikotoka kuuacha. Alipokupiga lile teke la mwisho ulikuwa umeshainama, unautazama mkeka.

Nimeona nikuandikie, maana kosa hili lina mkono wangu.

Tangu u mdogo tulikufundisha kuinamisha macho mbele ya wakubwa. Ukitumwa kwa jirani, ukimwamkia mwalimu wa chuoni, ukipita barazani walipokaa wazee, macho chini. Sijutii malezi hayo hata kidogo. Suratun-Nur imetuamrisha sote tuinamishe macho, wanaume mwanzo kisha wanawake, na wewe umeshika vizuri. Lakini mwili haujui kutenganisha mahali na mahali. Ukitishika, unakwenda kwenye lile ulilolizoea, na wewe ulizoea kutazama chini. Kwenye mkeka huyo aliye mbele yako hakuombi heshima ya namna hiyo. Heshima yake umeshampa ulipoinama mwanzo wa pambano, na utampa tena mwisho. Hapo katikati anakudai umwone.

Kisha ulipoanza karate nikakuongezea la pili. Nilikwambia, "Mtazame machoni, asikutishe." Nilikwambia kwa moyo safi, na nilikosea. Mimi mwenyewe niliwahi kupigwa kwa sababu hiyo, na nilipaswa kukusimulia mapema. Nilikuwa na umri kama wako, tunapambana ukumbini hapa hapa Wete, nami nimemkazia yule bwana macho nikidhani ndiko kumshinda. Akatupa jicho chini kushoto kwangu, mara moja tu. Jicho langu likaenda nalo. Teke likanifika sikio la kulia, na siku tatu nilisikia mvumo kama wa kombe la pwani. Macho ya mtu yanadanganya, tena ndiyo sehemu yake inayodanganya kwa urahisi kuliko zote, kwani kuyageuza hakumgharimu kitu. Anaweza kutazama mguu akapiga kichwa. Ila bega na nyonga haviwezi kufanya hivyo. Hakuna ngumi nzito isiyoanzia kisiginoni ikapita kiunoni, wala teke la mzunguko ambalo goti na nyonga havikutangulia. Mtu anaweza kuzuga kwa bega, hilo ni kweli, lakini kulirudisha kunamgharimu muda, na muda huo unakuwa wako.

Basi jicho likae wapi? Liweke pale juu ya kifua, mifupa ya mabega inapokutana chini ya shingo, mahali ambapo kola mbili za vazi lake zinakaribiana. Liweke hapo na ulilegeze. Usikodoe, usitafute kitu. Akiwa mbali nawe, hatua mbili au zaidi, liache lishuke kidogo hadi katikati ya kifua ili miguu nayo iingie kwenye picha. Akisogea, lipande karibu na kidevu, kwa sababu hapo ngumi ndizo zilizo karibu na miguu huioni vizuri hata ukitaka. Si lazima ugande kama sanamu. La msingi ni jicho liwe na nyumbani, na likitoka lirudi.

Najua utauliza, kama natazama kola, ngumi nitaionaje? Nyoosha mkono wako mbele, utazame ukucha wa dole gumba. Upana ule, au unaozidi kidogo, ndio upana wote wa eneo ambalo jicho linaona kwa ukali kamili. Kama huamini, kazia macho neno moja katika barua hii, kisha bila kusogeza jicho jaribu kusoma neno la tano kutoka hapo. Hulisomi. Sasa mtu mzima ana ngumi mbili, miguu miwili, magoti, viwiko. Vyote hivyo utavifukuza kwa upana wa ukucha? Hutaviwahi. Mtu huchukua kama sehemu moja ya tano ya sekunde tangu kuona kitu hadi mwili kuanza kujibu, na ngumi ya mtu mwepesi huwa imeshafika au iko karibu kufika. Jicho nalo linapotaka kuruka kutoka mguuni hadi mkononi huhitaji muda kama huo huo kujiandaa. Kibaya zaidi, likiwa safarini halioni. Simama mbele ya kioo utazame jicho lako la kushoto, kisha la kulia, kisha la kushoto. Hutayaona yakihama hata ukirudia mara mia, ingawa mtu aliyesimama kando yako atayaona. Akili inazima picha kila jicho linaporuka, na wewe katika video ile ulikuwa ukiruka muda wote. Kumbe pambano lako uliliona vipande vipande, na mwenzako akipita kwenye mianya.

Pembe za jicho ndizo zinazokufaa. Hili mimi sikulijifunza ukumbini, nilijifunza baharini. Usiku wa kiza tukiwa nje ya kisiwa cha Fundo, ikiwa kuna taa hafifu ya chombo mbali, ukiikazia macho inapotea. Ukitazama kando yake kidogo, inajitokeza. Ukuta wa nyuma wa jicho una chembe za aina mbili. Zile za katikati ndizo zinazosoma herufi na kupambanua rangi, nazo zinataka mwanga wa kutosha. Za pembeni herufi hazisomi wala rangi hazizijui, lakini kwenye kiza ni hodari, na kitu kikitikisika huko pembeni unakishtukia kabla hujajua ni kitu gani. Kwenye mkeka huna haja ya kuzisoma nyuzi za mkanda wake. Unahitaji kujua kimetikisika nini, upande gani.

Waswahili tunasema mwenye macho haambiwi tazama. Katika mchezo huu naona mwenye macho huambiwa, tena kila siku, mpaka ashike.

Marehemu babu yako hakuvaa mkanda wa karate maisha yake yote, lakini alicheza kirumbizi, ule mchezo wetu wa fimbo. Wewe hukumdiriki. Nilikuwa mtoto wa skuli, nimekaa mbele kabisa kwenye duara, zumari linalia, ngoma inajibu, naye anazunguka na fimbo yake polepole. Kilichonishangaza ni macho yake. Alikuwa kama mtu anayetazama kitu kilicho nyuma ya yule mpinzani, kule kwenye minazi. Fimbo ya mwenzake ikija, yeye keshaipokea. Usiku tukirudi nyumbani nilimuuliza alikuwa akitazama nini. Akaniambia, "Namtazama yeye mzima."

Miaka mingi baadaye, mwalimu wangu wa karate aliponitajia neno la Kijapani metsuke, yaani namna ya kuweka macho, akaeleza kuwa wacheza upanga wa kule hufundishwa kumtazama mpinzani kama unavyotazama mlima wa mbali, nilimkumbuka mzee na minazi yake. Miyamoto Musashi, yule bingwa wa upanga aliyefariki mwaka 1645, aliandika kuwa kuona kuna aina mbili, kuona kwa jicho na kuona kwa kutambua, na kwamba hii ya pili ndiyo ipewe nguvu. Alitaka pia mtu ajue upanga wa adui bila kuutazama. Hawa wawili hawakujuana, mmoja wa Pemba na mmoja wa Japani, na walifika pale pale. Kwangu mimi huo ni ushahidi mkubwa. Na walipokuja watafiti wakawavisha wapiganaji wa karate vifaa vya kufuata mwendo wa jicho, walikuta macho hukaa zaidi kichwani na kifuani, na mikono na miguu huchungwa kwa pembeni.

Sasa kuhusu woga, maana sitaki ujidanganye kuwa ni mbinu tu. Unaitazama miguu yake kwa sababu unaiogopa. Teke la kichwani lina pointi 3 na ngumi ina 1, na umeshapigwa nalo, basi jicho linakimbilia kule maumivu yanakotoka. Ni haki yake jicho kuogopa. Usiligombeze, lizoeshe. Mwombe mwenzako asimame umbali wa hatua mbili, wewe weka jicho kwenye kola, naye anyanyue kidole kimoja, kushoto au kulia, juu au chini, wewe utaje tu upande bila kutazama. Mwanzo utakosea. Baada ya wiki moja mwambie abadilishe, atikise goti, abonyeze bega. Mwisho aanze kurusha kweli, taratibu, nawe usijibu kwa mkono, utaje tu. Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu inaonekana ya kitoto, na mimi naamini ndiyo inayozaa matunda yote.

La kufumba macho ni gumu zaidi. Kupepesa mara moja kunaweza kuchukua sehemu moja ya kumi ya sekunde, wakati mwingine hata sehemu nne, na katika muda huo mtu anapiga na kurudi. Kufumba kitu kikija usoni ni maumbile, Mwenyezi Mungu ametuwekea kuilinda mboni, kwa hiyo usitegemee kulimaliza. Lakini linapungua. Chukua taulo nyepesi, mwenzako akurushie ncha yake karibu na uso, nawe ujitahidi kubaki umemtazama kifuani. Mara ishirini kila siku zinatosha. Ukipigwa kweli, kazi yako ya kwanza kabla ya kinga na kabla ya kujibu ni kulirudisha jicho nyumbani. Kidevu kishuke, lakini macho yabaki juu. Kuinamisha kichwa na kuinamisha macho ni mambo mawili, na katika video uliyachanganya.

Hao marafiki zako wa judo hapo mjini watakwambia mengine, na wako sawa kwa mchezo wao. Wakishashikana nguo, mkono ndio unaoona. Judo ya watu wenye ulemavu wa macho imekuwa kwenye michezo ya Paralimpiki tangu mwaka 1988, na pambano linaanza wakiwa wameshashikana tayari. Ukienda kufanya nao mazoezi, fumba macho kwa makusudi uhisi uzito wa mtu unavyohama kabla hajafanya kitu. Utarudi kwenye karate na kitu mkononi.

Usifanye haya yote kwa wiki moja. Anza na kidole.

Na jambo moja nakuomba. Video ijayo, anayeirekodi asisimame ubavuni kwako kama mara ile. Asimame nyuma ya mwenzako, ainyanyue simu juu kidogo ya bega lake, nipate kuuona uso wako wote. Nitaitazama Ijumaa baada ya sala, nikiwa gatini, kule ndiko mtandao unakoshika.

Wasalaam,
Baba yako