Kozi mwandada si kinda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wa safu yenu aliyewakaripia vijana wasio na kazi kwa methali ya "Kozi mwandada kulala na njaa kupenda", yaani kozi, ndege hodari wa kuwinda, akilala na njaa basi amependa mwenyewe. Na methali sina ugomvi, waliotuachia walimjua ndege wao. Lakini iliyosemwa juu ya ndege mzima, mwenzetu amewatwika makinda, na makinda wa kozi mimi nimewatazama kwa macho yangu, huu ni msimu wa tatu.

Kwetu ni Dar es Salaam, ila riziki imenileta Salisbury, mji mdogo wa kusini mwa Uingereza, ambako nahudumia wazee zamu ya usiku. Asubuhi nikitoka hupitia kwenye majani ya kanisa kuu, nikaketi. Kanisa lile lina mnara wa mita 123, hakuna kanisa jingine nchini humu lenye mnara mrefu kuliko huo, na huko juu kozi hutaga kwenye kisanduku cha changarawe walichowekewa. Kozi hajengi kiota. Hukwangua kishimo tu, basi. Kwake mnara ni jabali, na njiwa wa mjini ni kitoweo.

Kinda hukaa huko juu wiki sita hivi akiletewa kila kitu. Siku za mwisho husimama ukingoni, amelikamata jiwe kwa makucha, akipigapiga mabawa bila kuondoka. Dume hutangulia kuruka kwa kuwa ni mdogo na mwepesi, jike hufuata baadaye. Msitarajie ushujaa wowote. Mmoja mwaka jana nadhani hakukusudia hata kuruka. Upepo ulimkuta amefungua mabawa, akatapatapa kama mtu anayezama, akaangukia paa la chini kifudifudi, akabaki pale akilia mpaka nilipoondoka kwenda kulala.

Kesho yake ndipo nilipoona kitu ambacho ningependa mwandishi wenu angekiona. Mama alikuja na njiwa makuchani, akampita mwanawe karibu kabisa, asitue. Akazunguka, akampitishia tena. Mtoto anapiga kelele, mama hana habari. Mara ya nne au ya tano mtoto akashindwa kuvumilia, akaruka kumfuata, na alipokwisha kuruka vya kutosha mama akatua kwenye paa akamwachia ale.

Baada ya siku kadhaa mchezo ukahamia hewani. Mzazi anakuja na mawindo, kinda anapita chini yake, anajigeuza mgongo chini miguu juu, anapokea. Mara nyingine mama huenda juu sana akaachia njiwa aliyekwisha kufa aanguke. Kinda anajitupa kumfuata, anamkosa, na mama anashuka kama jiwe, anamdaka kabla hajafika chini, anampandisha, anamwachia tena. Asubuhi moja nilihesabu mara tatu kwa njiwa yuleyule. Baadaye huletewa ndege aliye hai, akaachiliwa mbele yao. Baadhi ya mawindo hayo huponea hapo. Muda uliobaki makinda hukimbizana wao kwa wao, hushikana makucha wakaporomoka pamoja, hufukuza vipepeo. Mwanzoni nilidhani wanagombana.

Huendelea kulishwa hivyo mwezi, hata miwili, tangu waanze kuruka. Na hao wazazi, ambao wakijitupa hupita kilomita 300 kwa saa, hukosa mara nyingi kuliko wanavyopata. Pamoja na malezi yote hayo, zaidi ya nusu ya makinda huwa hawamalizi mwaka wa kwanza. Wengi hufa kwa njaa. Je, nao wamependa?

Tena kozi wa Salisbury wana kisa chao. Mwaka 1940, wakati wa vita, serikali ya Uingereza iliamuru kozi wauawe kwa sababu walikuwa wakiwadaka njiwa waliobeba ujumbe wa jeshi, na mamia wakauawa. Vita vikaisha, ikaja dawa ya kuua wadudu ya DDT. Njiwa alikula nafaka yenye sumu, kozi akamla njiwa, maganda ya mayai yakawa membamba hata mama akiyalalia yanapasuka. Kwenye mnara huu walifanikiwa kuangua mwaka 1953, kisha kimya mpaka 2014. Miaka yote hiyo hakuna aliyewapunguzia mbio wala makucha.

Mwandishi anasema kijana akishamaliza chuo ajitafutie. Haya. Tangazo la kazi linadai uzoefu wa miaka mitatu, nafasi ya kujifunza kazini hutolewa kwa mwenye mjomba ofisini, na mtaji wa genge hana. Njiwa wake wa kujifunzia ni yupi, na nani alimwachia?

Jambo jingine dogo, Mhariri. Picha mliyoweka juu ya makala ile si ya kozi. Mdomo wa njano na mkia wenye panda ni wa mwewe, yuleyule anayenyakua samaki pale soko la Feri, Dar es Salaam. Kozi wa aina hii ana weusi unaoshuka mashavuni kama masharubu. Mkihitaji picha ninayo ya kinda wa msimu huu, bado wa kahawia, michirizi ya kifuani imesimama wima, ameketi juu ya paa la kanisa na manyoya ya njiwa yamemganda mdomoni. Nimeipiga kwa simu kutoka chini, kwa hiyo itabidi mumtafute kidogo.

Msomaji wenu,
Salisbury, Uingereza