Risala ya Wanakikundi kwa Mheshimiwa Hakimu, Siku ya Kufungua Banda Letu, Mathare, Nairobi

Mheshimiwa Hakimu, mgeni wetu wa heshima; chifu wetu; wazee wa Nyumba Kumi; wazazi wetu; na wenzetu mlioacha kazi siku ya Jumamosi, siku yenye pesa kuliko zote kwa waosha magari: hamjambo, na karibuni.

Banda unalotufungulia leo, Mheshimiwa, ni la pili. La kwanza lilikwenda na mafuriko ya 2024, pamoja na mashine ya kuoshea na mapipa yetu ya maji. Tulianza upya kwa kuchanga hamsini hamsini. Leo tuko wanachama 31. Tunaosha magari na pikipiki, tunazoa taka nyumba kwa nyumba, na tuna choo cha kulipia pale nyuma ambacho, tusifichane, ndicho kinachotulisha zaidi.

Tulipokualika ulituma neno kwamba ungependa kusikia tunaonaje chanzo cha uhalifu huku kwetu, na sheria tunaiona vipi ikifika mtaani. Tumebishana wiki mbili. Katika sisi 31 wapo walioibiwa, wapo waliowahi kuiba, na wapo waliookota mawe siku mwizi aliposhikwa kwenye stage ya matatu. Hawa wa mwisho ndio waliochukua muda mrefu zaidi kufungua mdomo.

Kwa hiyo usidhani tumekuja kutetea wezi. Mama wa huku akipokonywa simu, imekwenda na M-Pesa yake, pesa za chama alizowekewa na wenzake, na namba za wateja wake wa samaki. Hasira yake tunaijua. Lakini tulipowauliza wenzetu kwa nini waliokota mawe badala ya kumpeleka yule kijana kituoni, jibu lilikuwa moja: "Angerudi kesho." Na ni kweli, wengi hurudi. Mtu hushikwa Jumatatu, Jumatano yuko dukani ananunua sigara, na mtaa mzima unaamini amehonga. Hakuna aliyewahi kusimama kwenye baraza akatueleza kwamba hiyo ni dhamana, kwamba Ibara ya 49 ya Katiba inampa kila aliyeshikwa haki ya kuiomba, na kwamba kesi bado ipo. Tunaamini kuna vijana waliochomwa na tairi kwa sababu watu hawakujua tofauti ya dhamana na kuachiliwa.

Sasa chanzo. Husemwa umaskini. Tunakubali nusu. Saa kumi na moja alfajiri simama Juja Road utaona maskini wa Mathare wakienda Industrial Area kwa miguu kutafuta kibarua, maelfu yao, na hawajaiba kitu. Umaskini unaweza kueleza kwa nini kijana yuko karibu na jaribu. Hauelezi kwa nini simu ya wizi hupata mteja kabla chai haijapoa. Huku kwetu mwizi hahangaiki kutafuta mnunuzi. Mnunuzi anajulikana, ana dirisha, ana meza ya kufungulia simu, na ndiye anayepanga bei. Akitaka vioo vya aina fulani wiki hii, wiki hii simu za aina hiyo ndizo zitakazopotea.

Tuliposoma sheria tulishangaa. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 275, inampa mwizi wa kawaida kifungo cha hadi miaka 3. Kifungu cha 322, cha anayepokea mali ya wizi, kinafika miaka 14. Waliotunga walijua nani mkubwa. Lakini karatasi za mashtaka tulizoziona, na wenzetu wanazo kadhaa nyumbani, kifungu cha 322 huandikwa chini kama shtaka mbadala dhidi ya yuleyule kijana. Mwenye dirisha hayumo.

Mmoja wetu ameturuhusu tumseme bila jina. Alikuwa na miaka 19. Alichukua simu iliyokuwa ikichaji kwa kinyozi. Hapo hakuna ubishi, aliichukua. Alikuwa na deni la mkopo wa kupitia simu, mkopo aliouchukua aweke bet ya kurudisha bet iliyopotea. Aliiuza 2,500. Akashikwa Ijumaa jioni, na huku kila mtoto anajua Ijumaa ni siku mbaya ya kushikwa: Katiba inasema saa 24, lakini zikiisha mahakama ikiwa imefungwa, unangoja siku ya mahakama inayofuata. Jumatatu akapewa dhamana ya shilingi 20,000 taslimu. Mama yake huuza sukuma wiki. Alifika na 6,400 zimefungwa kwenye leso, akazihesabu mbele ya karani, kisha akazihesabu tena, kana kwamba mara ya pili zingeongezeka.

Kijana akaenda rumande miezi minane. Anasema usiku walilala kwa ubavu, na aliyetaka kugeuka alisema, mkageuka nyote. Kesi ilitajwa na kuahirishwa: mara shahidi hayupo, mara faili halionekani, mara mpelelezi amehamishwa. Mwenye simu naye ni mtu wa kibarua. Alikuja mara tatu, akapoteza malipo ya siku tatu, ya nne hakuja. Mwishowe mashtaka yakaondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Jinai, kinachoruhusu ushtakiwe tena wakipenda. Hakupatikana na hatia, hakuambiwa hana hatia. Mwenye simu hakurudishiwa simu, hakulipwa, hata pole hakupewa.

Mwenye dirisha aliuza vioo miezi yote minane.

Alichopata kijana wetu mle ndani ni marafiki wa kesi za bunduki, watu ambao huku nje hangewahi kuketi nao. Walimpa namba. Alitoka na namba mbili kichwani, hiyo na ya mama yake, na salio la simu moja. Alimpigia mama. Halafu kila alipoomba kazi ya ulinzi au ya kupeleka vifurushi aliulizwa cheti cha tabia njema cha polisi. Ada yake ni shilingi 1,050, lakini si ada iliyomzuia. Aliogopa kwenda kupigwa alama za vidole kwa mara ya pili maishani.

Mheshimiwa, wewe unajua kuliko sisi kwamba tangu 1998 kuna Sheria ya Huduma kwa Jamii, ile tunayoiita kifungo cha nje, kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3. Simu ya kinyozi inaingia humo bila kusukumwa. Tumeambiwa hakimu hukwama akikosa pa kumpeleka mtu na wa kumsimamia. Sisi tunajitolea kuwapokea watu hao. Kazi tunajua lazima iwe ya umma na isiyo na malipo, kwa hiyo hatutawaoshesha magari yetu. Kuna mitaro ya kuzibua, kuna ukingo wa mto unaohitaji miti, kuna taka zisizo na mwenyewe. Afisa wa probesheni aje na daftari lake, nasi tutakuwa na letu, yalinganishwe kila Ijumaa.

Kuhusu dhamana tunaomba dogo tu. Kabla kiasi hakijaandikwa, aulizwe mtu huyu anatoka wapi na mama yake anauza nini. Afisa wa probesheni anaweza kuja kuuliza mtaani, na tutamwonyesha mlango. Tungependa pia kiti kimoja kwenye Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, ile inayokutanisha mahakama, polisi na wananchi, hata kiwe cha nyuma. Na ukipata nafasi, njoo kwenye baraza la chifu uwaeleze watu dhamana ni nini. Wewe watakusikiliza. Sisi tukisema, tunaambiwa tunatetea wenzetu.

Orodha ya zile kazi za umma iko kwenye bahasha nitakayokukabidhi sasa. Atakayekutembeza bandani ni yule kijana wa simu ya kinyozi. Sasa ndiye mtunza hazina wetu, na hesabu zake huwa hazipungui hata shilingi kumi.

Gari lako, Mheshimiwa, tumeliacha na vumbi lake. Vijana walitaka kuliosha kama zawadi, mwenyekiti akakataa, isije ikasemwa kesho tumemhonga hakimu. Ukitaka lioshwe, ni shilingi 300.

Ni sisi wanakikundi.