"Sijambo" iliyoniponza mbele ya bima

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu ndugu aliyeandika kutoka Columbus, Ohio, kwamba kampuni ya bima imemnyima malipo ya ulemavu kwa sababu ugonjwa wake ni sonona, naye ameamua kumwachia Mungu. Mimi pia namwachia Mungu mengi. Ila hili lina tarehe ya mwisho, na tarehe haimngoji mtu.

Ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, na nimeishi Lowell, Massachusetts, kwa miaka 17. Kazi yangu ilikuwa kutunza wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani wasipate vidonda. Mwaka 2020 korona ilituchukulia wazee wengi hata nikaacha kuhesabu. Mwaka uliofuata nikaanza kusahau. Siku moja nilimwacha bibi mmoja kwenye kiti cha bafuni, maji yanatiririka, nikaenda kukaa stoo bila kujua nimefikaje huko. Mwenzangu alimkuta akiwa mzima, lakini anatetemeka. Kazini sikurudi tena.

Bima ya ulemavu wa muda mrefu nilikuwa nayo kupitia kwa mwajiri, nakatwa dola chache kila mshahara. Nikangoja siku 180 ambazo mkataba ulitaka, nikapeleka dai. Likakataliwa. Barua ilisema rekodi za daktari hazionyeshi kwamba siwezi kufanya kazi, ikanukuu ushahidi: mgonjwa anasema hajambo, amevaa nadhifu, anatabasamu, anajibu vizuri.

Mhariri, yote hayo ni kweli. Daktari aliniuliza u hali gani, nikajibu sijambo. Ningejibu nini? Nilimjibu kama nilivyofunzwa kumjibu yeyote anayenijulia hali, hata kama nimeletwa kwa machela. Sijambo yetu ni adabu tu ya kufungulia mlango. Mgonjwa husema kilichomleta baadaye, anapofika kwenye "sijambo, ila...", na dakika 15 za daktari wa huku hazifiki kwenye "ila". Na hizo nguo nadhifu? Aliyelelewa na mama wa Kisauni haendi hospitali na dera la kupikia. Wiki nzima nilikuwa naoga siku hiyo tu, tena dada yangu ndiye aliyenishika mkono akanitia bafuni. Daktari hakuuliza, nami sikusema.

Barua yangu ya kwanza ya rufaa ilikuwa ukurasa mmoja wa hasira. Binamu yangu, ambaye yaliwahi kumkuta, aliniambia niiweke kwenye droo. Akanieleza kwamba bima nyingi za waajiri binafsi hapa Marekani zinaendeshwa chini ya sheria ya mwaka 1974 iitwayo ERISA (za serikali, na nyingi za taasisi za makanisa, zina njia nyingine, kwa hiyo ukifanya kazi huko uliza mapema). Sheria hiyo inakupa siku 180 za kukata rufaa kwa kampuni yenyewe, tangu upokee barua ya kukataliwa. Ukishindwa rufaa na kwenda mahakamani, jaji kwa kawaida husoma yale tu yaliyomo kwenye faili la kampuni. Hupandi kizimbani kujieleza, wala huleti shahidi mpya. Karatasi ambayo hukuiweka kwenye faili wakati wa rufaa, ndugu yangu, ni kama haikuwahi kuandikwa.

Basi nikaomba faili langu, ambalo lazima wakupe bure ukilidai. Lilikuja kurasa mia nne na ushei. Ndani nikakuta ripoti ya daktari aliyelipwa na kampuni, ambaye hajanitia machoni hata siku moja. Nikakuta pia picha yangu kwenye harusi ya mpwa wangu, nimejipamba, nacheka. Walikuwa wameitoa Facebook. Picha haikusema kwamba niliondoka kabla ya biriani kupakuliwa, jambo ambalo kwetu pwani lingetosha kuwa cheti cha ugonjwa.

Daktari wangu, nilipomweleza mkasa wa sijambo, alinyamaza kidogo kisha akaomba tuanze upya, safari hii na mkalimani. Kiingereza nakijua, lakini Kiingereza changu ni cha kazini, hakina neno la moyo kuwa mzito hata mtu akashindwa kuinua kijiko. Aliandika barua ambayo jina la ugonjwa lilichukua mstari mmoja tu. Iliyobaki ilieleza ninaweza kuweka akili kwenye jambo kwa dakika ngapi, ni siku ngapi kwa mwezi nisingefika kazini, na kwa nini ni hatari kuniachia mzee asiyejiweza. Akaweka na aya nzima ya kueleza salamu za Waswahili. Mwenzangu wa kazini aliandika kuhusu yule bibi wa bafuni. Dada yangu akaandika kuhusu sufuria tatu nilizounguza, na kuhusu kuoga. Niliona haya kuisoma barua yake. Ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote.

Taratibu zilinisaidia pia. Rufaa haiamuliwi na mtu yule yule aliyekukataa, wala na aliye chini yake kazini, na lazima wamshauri mtaalamu wa tiba anayeujua ugonjwa wako. Tangu Aprili 2018 wanatakiwa waeleze kwa nini hawakubaliani na madaktari wanaokutibu, na pia na Social Security (mfuko wa serikali unaowalipa wastaafu na walemavu) kama imekwisha kukukubali. Usidanganyike kwamba neno la daktari wako ni amri: Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 2003, katika kesi ya Nord, kwamba bima hailazimiki kumpa uzito wa pekee. Kisichoruhusiwa ni kuutupa ushahidi wake bila sababu. Mwaka 2008, katika kesi ya mama mmoja, Glenn, na kampuni ya bima ya MetLife, mahakama hiyo hiyo ikasema kampuni inayoamua dai na kulilipa yenyewe ina mgongano wa maslahi, na jaji aupime mgongano huo. Mama huyo alikuwa ametakiwa na bima aombe Social Security, akakubaliwa, kisha bima ile ile ikamwona anaweza kufanya kazi. Nami nilisukumwa vivyo hivyo niombe, maana chochote utakachopewa huko wanakikata kwenye malipo yao.

Wana siku 45 za kujibu, na wanaweza kuongeza 45 nyingine. Jibu langu lilikuja siku ya 71. Walikubali, wakalipa na malimbikizo.

Lakini nisikufiche. Mikataba mingi ya bima hizi huweka ukomo wa miezi 24 kwa magonjwa ya akili, hata kama bado hujapona. Aliyevunjika mgongo anaweza kulipwa mpaka umri wa kustaafu. Kuna sheria ya mwaka 2008 inayotaka magonjwa ya akili yasibaguliwe katika bima ya matibabu, lakini haigusi bima ya kipato kama hii yetu ya ulemavu. Hapo ndipo ukurasa wangu wa hasira ungefaa kutumwa, tena kwa wabunge. Mimi malipo yalikoma mwezi wa 24 na sasa naishi kwa Social Security, ambayo haina ukomo huo. Baadhi ya mikataba haiyawekei magonjwa kama skizofrenia ukomo huo wa miezi 24, kwa hiyo soma ukurasa wa ufafanuzi kabla ya kukata tamaa.

Ndugu wa Columbus, umesema barua yao ilikufikia katikati ya Januari. Siku zako zinaisha katikati ya Julai. Omba faili wiki hii, kwa barua ya rejista, uhifadhi risiti. Miadi yako ijayo nenda na dada au shemeji yako, mtu anayekuona asubuhi. Na daktari akikuuliza u hali gani, anzia kwenye "ila".

Mama wa watoto wawili,
Lowell, Massachusetts