Uzi wa karatasi

Mwanangu Mwanaidi,

Shikamoo yako imefika, marahaba sana. Nifikishie shikamoo yangu kwa bibi, na umwambie zile dawa asiziache hata siku akijisikia mzima.

Mimi sijambo. Huku Miyagi, Japani, theluji imefika magotini, na maji ya bomba yakikugusa vidole yanauma kama moto. Leo sina zamu. Nimewasha hita, nimekaa nikujibu swali lako la juzi. Uliniona kwenye video nimeinamia karatasi na kisu, ukauliza, "Mama, karatasi nzuri hiyo unaikatakata ya nini?" Nikakujibu mbiombio maana basi lilikuwa limeshafika. Jibu lile halikutosha.

Nasokota uzi. Uzi wa karatasi, mwanangu, na uzi huo ndio unaofumwa nguo. Wajapani wanaiita shifu: shi ni karatasi, fu ni nguo. Ni nguo kweli ya kuvaa mwilini. Inafuliwa, inaanikwa, inavaliwa tena. Siku ya kwanza mwalimu wangu aliponiwekea kipande mkononi nilidhani ni kitani. Ni chepesi, kikavu, kina ubaridi kama mkeka mpya alfajiri. Aliponiambia ni karatasi nikakigeuza upande wa pili, nikitafuta hiyo karatasi iko wapi.

Siri imeanzia kwenye mti. Unaitwa kozo, ndugu wa mforosadi. Wakati wa baridi, majani yakishapukutika, fito zake hukatwa, zikapikwa kwa mvuke, zikamenywa ganda. Ganda jeusi la nje huparuzwa, likabaki lile jeupe la ndani. Hilo nalo huchemshwa na majivu au magadi, likaoshwa, likaokotwa uchafu kwa mkono, kichembe baada ya kichembe, ndani ya maji haya haya ninayokwambia yanauma. Kisha hupondwa mpaka nyuzi zake zikaachana, zikatiwa kwenye pipa la maji pamoja na utelezi unaotoka kwenye mizizi ya mmea mmoja, na mmea huo, utafurahi kusikia, ni wa jamaa ya bamia. Nilipoingiza mkono nikacheka peke yangu: mlenda mtupu! Utelezi ule unazifanya nyuzi zielee bila kushikamana mabonge, na maji yachuje polepole kwenye chekecheo la mianzi. Karatasi ya kutengenezea uzi, fundi huiyumbisha zaidi kwa upande mmoja, mbele na nyuma, ili nyuzi nyingi zilale kuelekea huko. Ukiikata kwa kufuata ulalo huo haikatiki ovyo.

Nyuzi za kozo ni ndefu, zinakaribia sentimita moja. Za miti inayotengenezewa karatasi ya daftari ni milimita 1 mpaka 3 tu. Nilijaribu mwenyewe. Lile daftari lako la hesabu la darasa la nne, nililokuja nalo huku, nilitoa ukurasa mmoja wa mwisho (usiogope, ulikuwa hauna kitu), nikaukata, nikaulowesha, nikauviringisha kama ninavyofundishwa. Ukapukutika mkononi kama mkate uliolowa chai. Wa kozo, ukiusokota mwembamba kama uzi wa kushonea na ukauvuta, unakukata kidole.

Sasa nikueleze ninavyofanya, na umsomee bibi, maana yeye atanielewa upesi kuliko wewe.

Karatasi naikunja katikati iwe nusu, kisha kila upande naurudisha nyuma tena, nikiacha pindo la vidole viwili limechomoza huku na huku. Halafu naweka rula ya chuma na kukata mistari ya milimita 2, mmoja ubavuni mwa mwingine, toka mwanzo hadi mwisho, lakini pindoni kisu hakifiki. Nikiikunjua, karatasi imekuwa shanuo lenye mishikio miwili: katikati vipande mia tatu vilivyoachana, juu na chini bado vimeshikana. Wiki yangu ya kwanza kisu kiliniponyoka, kikapita pindoni. Karatasi ya fundi, kazi ya majira mazima ya baridi, ikalala mezani kama tambi. Mwalimu hakusema kitu. Aliviokota vile vipande, akaanza kuviunga kimoja kimoja kwa kusokota ncha, na mimi nikakaa kando yake nikaunga vyangu, mpaka giza likaingia.

Baada ya kukata, naizungushia taulo lenye unyevu, naiacha hivyo mpaka asubuhi. Unyevu ndio mtihani wenyewe. Ukizidi, karatasi inarudi kuwa uji. Ukipungua, vipande vinakataa kujikunja. Mwalimu anaigusa kwa mgongo wa mkono, kama unavyompima mtoto homa, akasema tayari au bado. Mimi nina mwaka na nusu na bado nakosea.

Kisha jiwe. Mwalimu ana jiwe lake la miaka mingi. Mimi natumia tofali la saruji, ule ukwaruzo wake unafaa. Nakusanya karatasi kama kitita cha ukili, naiviringisha juu ya tofali kwa viganja viwili, kwenda na kurudi, mwanzo kwa mkono mwepesi kabisa. Nainyanyua, naikung'uta, vipande vinaachana, narudia. Polepole vile vipande bapa vinajikunja ubavuni, vinakuwa mviringo. Hii ndiyo hatua ninayoipenda kupita zote. Sauti yake ni kama ya mtu anayetembea kwenye majani makavu wakati msikitini kumeshaadhiniwa, mji umenyamaza. Nikiifanya nakumbuka mapaja ya bibi yako alipokuwa anasokota kamba, nasi watoto tumekatazwa kumsemesha.

Hapo ndipo yale mapindo yanapofanya kazi yao. Unaanzia pembeni. Pindo la juu unalichana kati ya kipande cha kwanza na cha pili, unaruka, unachana kati ya cha tatu na cha nne. Pindo la chini unachana pale ulipoparuka juu. Basi kipande cha kwanza kinashuka, kinageuka kuwa cha pili kinachopanda, kinageuka kuwa cha tatu, kama mtu anayelima matuta: akifika mwisho wa shamba anageuka na jembe lake. Karatasi nzima imekuwa uzi mmoja. Hesabu mwenyewe, wewe mwenye hesabu zako: upana sentimita 60, urefu 90, vipande vya milimita 2. Ni karibu mita 270 kutoka karatasi moja, bila gundi, bila fundo. Pale panapogeuka panabaki kipembe kidogo, unakisokota kwa kidole gumba na cha shahada mpaka kinakuwa kivimbe kama punje ya ulezi. Vivimbe hivyo ndivyo mwenye jicho anavyoitambua shifu.

Kusokota kwa gurudumu na kufuma sitakueleza kwa urefu, bado ni mwanafunzi. Uzi unasokotwa ukiwa na unyevu, unatiwa mvuke usijifungue, na wakati wa kufuma mshindio, yaani uzi unaopita kwa upana, unakaa kwenye kitambaa kibichi. Mtande, yaani nyuzi za urefu, unaweza kuwa wa pamba, hariri, katani, au wa karatasi hiyo hiyo. Wa karatasi kwa karatasi mimi sijathubutu.

Uliniuliza pia nani alifikiria jambo kama hili. Mji wenye sifa ya shifu ni Shiroishi, hapa hapa Miyagi, kusini mwa Sendai. Ngome yake ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Katakura, watumishi wa ukoo wa Date uliotawala eneo hili. Kaskazini hii baridi haikuipenda pamba. Ililetwa kutoka mbali na ilikuwa ghali, lakini karatasi waliitengeneza wenyewe. Mnyonge alifuma karatasi apate kujisitiri. Familia za samurai, wapiganaji wa mabwana wa zamani, nazo zikaifanya nyembamba na laini mpaka ikawa zawadi ya kupelekewa wakubwa. Baada ya mwaka 1868 samurai wakapoteza nafasi zao, nyuzi za kiwandani zikajaa, na ufundi ukafifia hadi kukaribia kusahaulika, mpaka watu wachache wa Shiroishi walipoufufua katika karne ya 20. Napita mji ule kwa treni, nikiona ngome kilimani nasimama dirishani.

Mwambie baba mdogo, anayesema nimekuja kujifunza mambo yasiyotuhusu, kwamba Baganda wanatoa nguo kwenye gome la mti wa mutuba kwa kuliponda, na UNESCO iliitangaza kazi hiyo kuwa urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005. Mutuba na kozo ni ukoo mmoja wa miti. Tena kozo yenyewe imeshafika Uganda: katika msitu wa Budongo imesambaa mpaka imekuwa kero, na sokwe wanaila. Na zile kanga za kale kwenye sanduku la bibi, atazame pindoni. Nyingi za wakati ule zilichapwa huku Japani. Watu hawa na sisi tumevalishana zamani.

Lakini kilichonifanya nichukue kalamu leo ni kingine. Zamani karatasi mpya haikuwa ya kila mtu, kwa hiyo walisokota vitabu vya hesabu vya maduka vilivyokwisha kujaa. Inasimuliwa kuwa moto ukizuka wafanyabiashara walivitupa vitabu hivyo kisimani, na baadaye wakavitoa wakavikausha, maandishi yakiwa salama, maana karatasi ni kozo na wino ni masizi na gundi. Mwalimu ana kipande kimoja cha nguo ya namna hiyo. Ukikitazama kwa mbali ni kijivu. Ukikisogeza machoni, ni weupe wenye vidoadoa vyeusi, kila kidoa ni kipande cha herufi. Nilikaa nacho muda mrefu nikawaza ni deni la nani, la mchele au la mafuta ya taa, na kama lililipwa.

Mwanangu, ni miaka mitatu sijalala nyumba moja na wewe. Sauti zako ziko kwenye simu, na simu iliyopita ilipoharibika zilipotea zote, sikuweza kurudisha hata moja. Basi ndani ya bahasha hii nimetia karatasi mbili za kozo, brashi, na kijiti cheusi. Hicho ndicho wino. Mwombe bibi kijiwe chake cha liwa akishakiosha vizuri, tia matone machache ya maji, usage kijiti kwa kuzungusha kama unavyosaga liwa, bila kukandamiza, mpaka maji yawe meusi ya kung'aa. Kalamu ya kawaida usitumie, wino wake utachuja.

Andika pande zote mbili, chochote: shule, mvua, aliyeolewa, bibi kasema nini. Naye akitaka kuchora mstari wake mmoja mpe brashi. Juu na chini acha vidole viwili vitupu, hapo nahitaji kuona vizuri ninapochana. Ukimaliza usiikunje, iviringishe.

Nitaisoma kwanza, tena mara nyingi, kabla ya kuigusa na kisu. Neno ambalo hutaki livaliwe, niambie kwa simu.

Mama yako