Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kipimo cha damu kisije kikawa hakimu wa wagonjwa wa sonona

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Mheshimiwa, kwanza pole na majukumu. Mimi ni mtumishi wa maabara kwenye hospitali ya wilaya, kazi yangu ni damu, mkojo na makohozi, wagonjwa wenyewe nawaona dirishani tu wakileta fomu. Nakuandikia kuhusu hivi vipimo vya damu vinavyosemwa vinaweza kumtambua mtu mwenye sonona, ule ugonjwa wa akili wa huzuni na kukosa raha, kwa kupima alama za kinga ya mwili, yani protini zinazopanda kwenye damu kinga ikichemka, kama CRP, interlukini-6, TNF na ndugu zake. Habari hizi zinazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya watumishi wa afya na naona wenzangu wengi wamefurahi, yani hatimaye sonona nayo itakuwa na majibu ya maabara kama malaria. Naelewa hiyo furaha kabisa. Ila naomba wizara itoe msimamo mapema, kabla vipimo hivi havijazagaa mtaani vikiuzwa kama "kipimo cha sonona", kwasababu vikizagaa watakaoumia ni wagonjwa wenyewe.

Sayansi yenyewe ni ya kweli, hilo sipingi. Miaka ile wagonjwa wa homa ya ini C walipokuwa wanachomwa sindano za intafironi, ambayo ni dawa inayochochea kinga, wengi waliingia kwenye sonona katikati ya dozi, watu ambao kabla ya hapo walikuwa wazima kichwani. Kule Uingereza kuna watoto walipimwa damu wakiwa na miaka 9, na waliokuwa na interlukini-6 ya juu walionekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya sonona walipofika miaka 18, utafiti ulitoka 2014. Na hata bila utafiti, mtu mwenye malaria umeshamuona alivyo, hataki kula, hataki watu, hana hamu na kitu, anataka alale tu ajifunike. Ile ni kinga ya mwili inaongea na ubongo. Kwahiyo kwamba kwa baadhi ya watu sonona inatembea pamoja na kinga iliyochemka, hilo mimi nalikubali.

Sasa shida iko hapa. Mwaka 2019 watafiti walikusanya tafiti 30 zenye wagonjwa wa sonona zaidi ya 13,000, wakaangalia wangapi wana CRP zaidi ya miligramu 3 kwa lita, wakapata asilimia 27. Yani wagonjwa wanne wa sonona ukiwapima damu, watatu hivi watatoka hawajafika hata hiyo 3. Mheshimiwa, hao watatu ndio walionifanya niandike hii barua, maana hapa kwetu karatasi ya maabara ina nguvu kuliko mdomo wa mgonjwa, ikishasema huna kitu basi huna kitu.

Mdogo wangu wa kike alipojifungua aliacha kula, usiku saa tisa yuko macho anaangalia dari, mtoto analia pembeni yake na yeye anamuangalia tu kama hamuoni. Familia ikachanga hela akapelekwa mjini kwenye maabara moja binafsi, jina nitaliacha, wakamuuzia "paketi" ya vipimo vya msongo na sonona, humo ndani kuna CRP, homoni mbili tatu na picha ya damu. Majibu yakarudi yote ya kawaida. Shemeji akaipiga picha ile karatasi akaituma kwenye grupu la ukoo, akaandika "haya, vipimo hivi hapa, haumwi kitu". Kuanzia siku ile kila akilala mchana anaitwa mvivu, akikataa kula anadeka, na mama mkwe akaanza kusema mtoto achukuliwe. Mimi mtu wa maabara nilibishana nao mpaka sauti ikakauka, na wote wananiambia sasa wewe unapinga kipimo? Baadae sana ndio tukampata nesi wa afya ya akili kwenye hospitali ya serikali, akamkalisha kwenye benchi nje ya ofisi yake, akamuuliza maswali taratibu kwa Kiswahili, akajumlisha alama za majibu yake zikapita 15 kati ya 27, akaanzishiwa dawa na kila wiki akawa anaenda kuongea nae. Saivi yuko vizuri, anauza vitenge, na mtoto ameshaanza chekechea.

Upande wa pili nao ni mbaya hivyohivyo. CRP inatengenezwa kwenye ini na inapanda kwa kitu chochote kinachochemsha mwili, malaria, TB, yutiai, jino bovu, kidonda, ujauzito, unene, hata sigara inachangia. Kipindi cha mvua naona CRP za 60, 90, zingine zaidi ya 100, na hiyo ni malaria na nimonia, wala sio huzuni. Wakati hiyo ya sonona tunabishania kati ya 1 na 3 na 5, vitu vidogo sana ambavyo vipimo vingi tulivyonavyo wilayani havikutengenezwa kuvisoma vizuri, vilitengenezwa kuona maambukizi makubwa. Interlukini-6 ndio kabisa, sampuli inatakiwa izungushwe mapema kwenye mashine, itenganishwe, na kama haipimwi palepale igandishwe kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na kiwango chenyewe kinabadilika asubuhi na jioni. Sisi umeme ukikatika tunakimbizana kuokoa damu ya kuongezea wagonjwa.

Kuna mama mmoja anauza dagaa sokoni, fomu zake nazijua hata kabla sijasoma jina. Malaria hasi, sukari sawa, mkojo safi, Widal, kile kipimo cha taifodi, 1:80 ambayo kwa mazingira yetu haimaanishi sana. Anaondoka na antibiotiki ya sipro na panadol, mwezi ujao anarudi, kichwa, mwili unawaka, moyo unaenda mbio, halali. Siku moja nampa majibu dirishani akaniambia, "mwanangu, mimi tangu baba yao afe sijalala." Ile fomu hamna sehemu ya kuandika hilo. Ukimpa huyu mama CRP na ikaja 8 kwasababu ya jino, ataongezewa antibiotiki nyingine, na ikaja 1 ataambiwa aache mawazo. Kwa vyovyote vile anarudi nyumbani bila kuulizwa.

Na haya mambo dunia ilishayapitia, mheshimiwa. Mwaka 1981 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan kule Marekani walitoa kipimo cha damu cha sonona kwa kutumia dawa ya deksamethazoni na homoni ya kotisoli, kikapokelewa kwa shangwe, hospitali zikaanza kukitumia. Baadae ikaonekana kinakuwa chanya kwa mtu aliyekonda tu au anayeumwa kitu kingine, na kinakuwa hasi kwa watu walio na sonona ya wazi. Ndani ya miaka michache kikawekwa pembeni kama kipimo cha kutambua ugonjwa. Kilikuwa na maana kwenye utafiti, mlangoni kwa mgonjwa hakikufaa.

Hizi alama za kinga mimi naona kazi yake ni baada ya mtu kujulikana anaumwa, kusaidia kuchagua matibabu. Mwaka 2013 huko Atlanta walichukua watu 60 wenye sonona sugu wakawawekea dripu za infliksimabu, dawa ya kutuliza kinga. Kwa ujumla haikuishinda dripu ya bandia isiyo na dawa, lakini wale waliokuwa na CRP zaidi ya 5 walionekana kunufaika. Hilo ni jambo la kufuatilia, na lifuatiliwe na kwetu pia, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na MUHAS, chuo kikuu cha afya Muhimbili, wawezeshwe kupima damu za Watanzania wenye malaria na minyoo na lishe yetu, maana kiwango kilichopatikana kwa watu wa Ulaya na Marekani hakiwezi kubebwa hivihivi kikawa sheria Sumbawanga.

Wakati utafiti unaendelea, kipo kitu cha bei ya karatasi na kalamu. Maswali tisa ya PHQ-9, dodoso la kuangalia dalili za sonona, yapo kwa Kiswahili na yameshafanyiwa utafiti hapahapa nchini, yanauliza wiki mbili zilizopita ulikuwaje, usingizi, hamu ya kula, kukosa raha, kujiona hufai, kila swali sifuri mpaka tatu, ukifika 10 unaangaliwa kwa karibu. Sio kamilifu, ila yanamuuliza mtu. Zimbabwe walienda mbali zaidi, wakachukua akina bibi wa kawaida wakawafundisha kukaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya kliniki, na utafiti wa mwaka 2016 wenye watu 573 Harare ukaonyesha wagonjwa wale walipona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sisi mabenchi tunayo, na akina bibi tunao.

Kwahiyo ninachoomba ni hiki. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na wanaosimamia maabara binafsi wapige marufuku kuuza kipimo chochote cha damu kwa jina la kutambua sonona, na mwenye kupima CRP aandike kwenye majibu kwamba haithibitishi wala haikanushi sonona. Maswali tisa yaingizwe kwenye huduma ya wagonjwa wa nje na kliniki ya mama na mtoto mpaka kwenye zahanati, na Bohari ya Dawa ihakikishe dawa za sonona, amitriptilini na fluoksetini, haziishi, maana hakuna kitu kibaya kama kumuuliza mtu, akakufungukia, alafu ukamwambia dawa imeisha. Pia uzungumze na mwenzako wa Sheria kuhusu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kwasababu swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa na mtu anayeogopa polisi hatalijibu kwa ukweli. Wenzetu Kenya, Mahakama Kuu yao ilishatamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinakiuka katiba.

Na kwa kuanzia tu, hata kabla ya waraka wowote kutoka Dodoma, fomu ya kuombea vipimo iongezwe mstari mmoja wa kuandika alama za yale maswali, ili kabla hatujamtoboa mtu sindano kwa mara nyingine tujue kama kuna aliyemuuliza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtumishi wa maabara, hospitali ya wilaya